Boti ya jeti yenye injini ya Chevrolet 454: maji ya kupozea yapite wapi kwanza, na yadhibitiwe vipi?

MtuWaUjiji

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji niliyekulia kwenye maji ya Ziwa Tanganyika, ila kwa sasa ninaishi Boise, katika jimbo la Idaho, Marekani. Mito ya huku ina mawe mengi na kina kifupi, na ndiyo sababu watu wanapenda boti za jeti, yaani zile zisizo na propela nje, bali zina pampu kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, inayovuta maji kupitia wavu wa chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu kupitia nozeli. Mwaka jana nilinunua boti ya namna hiyo, ya faiba, iliyotengenezwa miaka ya 1970, yenye pampu ya Berkeley iliyounganishwa na injini ya Chevrolet 454, ile ya lita 7.4. Muuzaji hakunibana kwenye bei, na sasa ninajua sababu.

Tatizo langu ni mipira ya maji ya kupozea injini. Aliyekuwa nayo kabla yangu aling'oa mpangilio wa awali na kufunga wa kwake. Kutoka kwenye pampu unatoka mpira wa robo tatu inchi, unapita kwenye koki ya boli iliyoachwa wazi yote, kisha unaingia mbele ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) upande wa kushoto peke yake, pale ilipokuwa pampu ya maji ya gari. Upande wa kulia umezibwa kwa bati. Maji yanatokea juu, kwenye nyumba ya themostati (themostati yenyewe, ile valvu inayofunguka maji yakipata joto, haimo), kwa mpira wa nusu inchi unaoyamwaga nje ubavuni. Manifoldi za ekzosi, yaani mabomba yanayokusanya moshi wa injini, zina mpira wao mwingine mwembamba unaotoka moja kwa moja kwenye pampu, na maji yake humwagika pamoja na moshi.

Dalili ni hizi. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kuongezwa moto, geji hupanda taratibu mpaka nyuzi 190 za Farenhaiti, yaani karibu 88 za Selsiasi. Nikiongeza moto hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, inashuka mpaka 105, ambayo ni nyuzi 41 tu za Selsiasi, na naweza kuweka kiganja juu ya silinda hedi na kukiacha hapo. Mwezi uliopita kizibo kimoja cha ubavuni mwa bloku kilifyatuka nikiwa katikati ya mto Snake, na maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu nilipofanikiwa kupanda mchangani. Tangu siku hiyo oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Karakana moja ya hapa imeniambia kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imekwenda, na wanataka kuifungua injini yote.

Naomba wenye ujuzi wanieleze mpangilio ulio sahihi, ukubwa wa mipira unaofaa, na kama kweli kuna haja ya kufungua injini kabla ya kurekebisha haya ya nje.

FundiKilindini

Ndugu MtuWaUjiji, nimefanya kazi ya injini za majini hapa Mombasa kwa miaka thelathini na kitu, nyingi zikiwa za dizeli, lakini boti za jeti nazo zimepita mikononi mwangu. Usifungue injini bado.

Kwenye boti yako, pampu inayoisukuma boti ndiyo hiyo hiyo inayoipoza injini. Watu wengi hudhani kazi ya fundi ni kuhakikisha maji yanafika, kumbe maji yatafika tu. Kazi ni kuyazuia. Shinikizo la pampu hupanda kwa mraba wa mizunguko, maana yake mizunguko ikiongezeka mara mbili, shinikizo huongezeka mara nne. Chukua mfano. Nozeli inayotupa maji kwa kasi ya mita 40 hivi kwa sekunde inahitaji shinikizo la karibu pauni 110 kwa inchi ya mraba nyuma yake. Ikiwa hiyo ni hali ya mizunguko 4,500, basi kwenye sailensa ya mizunguko 750, ambayo ni moja ya sita, unagawanya kwa 36 na kubaki na pauni tatu. Bloku lile lilisubiwa kwa ajili ya gari, na kifuniko cha rejeta ya gari hufunguka kwenye pauni 15 hivi. Gasketi zake, vizibo vyake na kuta zake zimezoea maisha hayo.

Sasa angalia bloku lako lilivyokaa: liko kati ya vizuizi viwili, kimoja cha kuingilia na kimoja cha kutokea, na shinikizo la ndani huamuliwa na uwiano wa viwili hivyo. Matundu yakilingana, bloku hubeba nusu ya shinikizo la pampu. La kutokea likiwa na eneo mara tatu ya la kuingilia, bloku hubeba sehemu moja ya kumi tu. Wewe umeingiza kwa robo tatu na kutolea nusu inchi, yaani eneo la kutokea ni chini ya nusu ya lile la kuingilia, kwa hiyo bloku limekuwa likibeba kama asilimia 83 ya shinikizo lote. Kati ya pauni 110, hizo ni zaidi ya 90. Ni hesabu ya kukadiria, kwa sababu mipira ina urefu na kona, lakini inatosha kueleza kwa nini kizibo kilifyatuka. Mimi nashangaa kwamba kilifyatuka kimoja.

Mpangilio ninaoupendelea ni huu. Mpira wa robo tatu inchi utoke kwenye pampu na kuingia kwenye geti valvu ya brasi badala ya koki ya boli, kwa sababu koki ya boli hufunguka kwa robo mzunguko na haikupi nafasi ya kurekebisha kidogo kidogo. Baada ya valvu weka kichujio unachoweza kukifungua kwa mkono, kisha ti inayogawa maji kwenda chini ya kila manifoldi ya ekzosi. Maji yapande ndani ya manifoldi, yatokee juu, na kutoka hapo yaingie mbele ya bloku pande zote mbili. Lile bati la kulia litoke. Humo yatakwenda nyuma, yatapanda kwenye silinda hedi, yatarudi mbele na kutokea kwenye nyumba ya themostati, na kutoka hapo mpira wa inchi moja uyamwage nje bila koki, bila kupunguzwa popote.

Sababu ya kuanzia kwenye manifoldi ni kwamba maji ya mtoni kwenu ni ya theluji. Yakiingia kwenye bloku yakiwa baridi hivyo, injini haipati joto lake, petroli isiyoungua huteremka kwenye oili, na unyevu hauvukizwi. Manifoldi huyapasha kwanza. Hata hivyo zile kona za ekzosi zilizofungwa kwa mipira zisinyimwe maji kabisa, maana mpira utaungua. Kwa hiyo toa tawi jembamba kutoka juu ya kila manifoldi liende kwenye kona hizo muda wote, na uhakikishe kona zinateremka kuelekea nje ili maji yasirudi kwenye silinda.

Themostati irudishwe, ya nyuzi 160 za Farenhaiti, yaani 71 za Selsiasi, na uitoboe vitundu viwili vya milimita tatu ili hewa ipate pa kutokea. Sisi wa baharini hatuendi huko, kwa sababu maji ya chumvi yakipita nyuzi 60 na kitu za Selsiasi huanza kuacha magamba ndani ya njia, kwa hiyo tunafunga ya nyuzi 60 tu. Wewe uko kwenye maji baridi yasiyo na chumvi na una uhuru huo. Lakini ukirudisha themostati, elewa kwamba ikijifunga wakati pampu inasukuma, shinikizo lote litakuwa limenaswa ndani. Kwa hiyo, kabla ya maji kuingia kwenye bloku, weka valvu ya springi itakayofunguka kwenye pauni 12 hivi na kumwaga ziada nje. Kwenye sailensa itabaki imefunga na maji yote yatapita kwenye injini. Ukiongeza moto itafunguka yenyewe.

Funga geji ya shinikizo kwenye bloku. Bila hiyo utakuwa unarekebisha valvu kwa kubahatisha. Ukishapata kipimo, ondoa mpini wa ile geti valvu au uufunge kwa waya, kwa maana siku moja atakuja mgeni botini na kudhani ameikuta imefungwa kwa bahati mbaya.

Boriti

Mimi ningeng'oa yote hayo na kufunga rejeta ya gari yenye feni ya umeme, maji yazunguke ndani kwa ndani. Magari ya aina hiyo hupanda milima na rejeta hizo hizo, sembuse boti inayokaa juu ya maji.

BintiNyanza

Kabla hatujaenda mbali, nina swali moja kwa kaka wa Ujiji. Je, injini hiyo ina kipoza oili? Na kama kinacho, maji yake yanachukuliwa kabla ya ile koki au baada yake?

MtuWaUjiji

Mzee FundiKilindini, shikamoo, na asante sana. Nimesoma hesabu yako mara tatu, kisha nikaenda kuitazama mipira ile kwa macho mengine.

Dada BintiNyanza, kipoza oili kipo: ni silinda fupi ya shaba kama chupa ya chai, imefungwa ubavuni karibu na tezi, ina mipira miwili ya oili na miwili ya maji. Maji yake yanatoka kwenye ti iliyofungwa mara tu baada ya pampu, kwa hiyo ni kabla ya koki, na yanarudi kuungana na mpira unaokwenda kwenye manifoldi. Sikukitaja kwa sababu sikudhani kinahusika.

BintiNyanza

Kinahusika, na kwa maoni yangu ndicho mtuhumiwa wa kwanza. Mimi natengeneza injini za boti Mwanza, na kosa hili nimeliona kwenye injini mbili zilizopozwa kwa maji ya ziwa, ingawa hazikuwa za jeti. Ndani ya kipoza kuna vijibomba vyembamba, maji yakipita upande mmoja wa ukuta na oili upande mwingine. Injini yako ikiwa kwenye kasi, oili ina pauni 50 au 60 hivi. Maji ya kabla ya koki yana zaidi ya 100. Ukuta ukipata ufa, mwenye nguvu ndiye anayeingia kwa mwenzake. Kwenye gari oili ndiyo ingeonekana kwenye maji, lakini kwako maji ndiyo yameingia kwenye oili. Karakana ilipoona oili nyeupe ikafikiri gasketi, na siwalaumu, kwa sababu kwenye magari kumi wanayoyapokea huenda tisa huwa ni gasketi.

Jaribio lake halina gharama. Kifungue kipoza, umwage oili, uzibe tundu moja la upande wa oili kwa kizibo na klipu, na kwenye la pili ufunge mpira wenye valvu ya tairi. Kitumbukize chote kwenye ndoo ya maji safi, jaza hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka pauni 30, kisha tulia na utazame matundu ya maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokuwa imejificha. Yakiendelea kutoka moja baada ya jingine kutoka sehemu ile ile, umeshapata jibu.

Ukimaliza hapo, lipime bloku nalo kwa njia hiyo hiyo kabla ya kuamua lolote kuhusu gasketi. Toa plagi zote, ziba njia za kutokea maji, jaza hewa mpaka pauni 15 na usizidishe, kisha sikiliza kwenye matundu ya plagi na kwenye mdomo wa kujazia oili. Gasketi mbovu utaisikia ikipuliza kabla geji haijashuka sana.

Kipoza kipya kikifungwa, maji yake yachukuliwe baada ya geti valvu, na kutokea kwake kuwe huru. Na wakati unavua mipira, fungua vile vizibo vya chini vya kumwagia maji pande mbili za bloku. Usishangae ukifungua na kisitoke kitu. Boti za jeti hutembea kwenye maji ya kina kifupi na hunywa mchanga; tangu Bill Hamilton alipozianzisha kule New Zealand katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya kokoto, hiyo ndiyo gharama ya kupita mahali ambapo propela haipiti. Mchanga huo hutulia chini ya bloku na kuziba tundu lenyewe. Chukua waya mgumu, uuingize na kuuzungusha, mpaka yaanze kutoka maji ya kijivu yenye changarawe, kisha pitisha maji ya bomba mpaka yawe meupe. Kwa baridi ya Idaho hilo si la usafi pekee: fundi akifungua kizibo, akaona hakitoi maji na kudhani bloku ni tupu, barafu italipasua usiku mmoja wa Desemba.

Ukitaka kuiwasha ikiwa nchi kavu kwa mpira wa bustani, washa injini kwanza ndipo ufungue maji, na wakati wa kuzima funga maji kwanza ndipo uzime injini. Ukigeuza mpangilio huo, maji yatajaa kwenye ekzosi wakati hakuna moshi wa kuyasukuma nje, na mwisho wake yatakuwa juu ya pistoni. Dakika chache zinatosha, kwa sababu pampu ya jeti ikizunguka bila maji inajila.

FundiKilindini

BintiNyanza ameona nisichokiona. Nilitazama kizibo kilichofyatuka, nikaisahau oili.

Ndugu Boriti, rejeta ya gari hupozwa na upepo unaopita mbele ya gari. Ndani ya boti injini imefungiwa kwenye sanduku, na feni itakuwa inazungusha hewa ile ile ya moto. Wazo la maji yanayozunguka ndani kwa ndani si baya, ila badala ya rejeta hutumika kibadilisha joto, ambamo maji ya mtoni au baharini hupita kwenye vijibomba na maji ya injini hupita nje yake. Huku kwetu chumvi inatulazimisha. Kwa boti ya zamani inayotembea mtoni, sioni haja ya kuongeza pampu ya pili, tangi na mkanda.

MtuWaUjiji

Narudi na majibu baada ya wiki tatu. Kipoza kilitoa mapovu kwenye pauni 20 tu, kwenye kona moja ambapo vijibomba vimechomelewa, yakitoka mfululizo kama ya soda. Bloku nililijaza pauni 15, na baada ya dakika kumi geji ilisoma 14 na nusu. Nilipaka maji ya sabuni kila mahali, nikakuta hewa inavuja kwenye klipu yangu mwenyewe ya mpira wa majaribio. Kwenye matundu ya plagi palikuwa kimya. Gasketi imebaki mahali pake.

Tundu la bloku la upande wa kulia halikutoa hata tone. Niliingiza waya kama nilivyoelekezwa, na tope lililotoka lilijaza kopo la rangi karibu nusu. Nadhani hilo nalo lilichangia joto la kwenye sailensa, kwa kuwa upande ule ulikuwa umezibwa kwa bati na maji yake hayakuwa na mwendo.

Nimefunga kipoza kipya baada ya geti valvu, nimebadilisha oili na filta mara mbili, na mpangilio wa mipira ni ule wa Mzee FundiKilindini, pamoja na valvu ya springi na mpira wa inchi moja wa kutolea. Jumamosi nilitembea saa nne kwenye mto Snake. Kwenye sailensa joto ni nyuzi 165, kwenye mizunguko 4,000 ni 155, na geji ya shinikizo haikupita pauni 11. Kijiti cha oili kimetoka na rangi ya asali.

Limebaki moja. Manifoldi ya kushoto ni ya moto kuliko ya kulia. Ya kulia naweza kuigusa, ya kushoto nauondoa mkono mara moja. Mipira ina upana sawa.

FundiKilindini

Marahaba. Itazame ti yako. Kama mpira wa kuingilia unakuja ukiwa umenyooka na tawi la kulia, huku la kushoto likikata kona, maji yatapendelea kwenda moja kwa moja. Igeuze ti ili maji yaingilie kwenye mguu wake wa katikati na matawi yote mawili yakate kona sawasawa, kisha linganisha urefu wa mipira. Ikiwa tofauti itabaki, vua mpira wa juu wa manifoldi ya kushoto na uchungulie ndani, maana palipokuwa na kopo la tope kwenye bloku, na kwenye manifoldi halikosi kijiko.